Uziwi wa Kushtukiza

Rasimu ya istilahi za tiba inayozunguka kwa wahariri siku hizi imetuletea "upotevu wa ghafla wa usikivu unaotokana na hali ya hewa". Maneno kumi, na sioni hata moja lililokaa mahali pake.

Mswahili akisema mtoto huyu ni msikivu, hajampima masikio, anamsifu adabu. Usikivu ukipotea, basi mtoto hatumiki tena. Ghafla nalo huko Uarabuni lilikozaliwa ni kupitiwa, kutozingatia, na ndugu yake ghafilika tunaye mpaka leo. Kwa hiyo waheshimiwa wametutungia ugonjwa wa kuacha kuzingatia kwa kutozingatia. Hongera zao.

Mimi nasema uziwi wa kushtukiza. Uziwi ni letu, damu moja na ziba. Kushtukiza analijua kila aliyewahi kuona waziri akitua hospitalini bila taarifa: mtu kalala mzima, kaamka sikio moja limezima. Wajerumani wana Hörsturz, kuanguka kwa kusikia, na yupo mwenzetu aliyewaiga akatupa "mporomoko wa kusikia". Kinachoporomoka ni mlima. Sikio halina udongo.

Lakini kilichonikera zaidi ni "unaotokana na". Nani kawaambia? Watafiti wa Ugiriki na Ujerumani wamepanga tarehe za wagonjwa kando ya kanieneo ya hewa, joto na upepo, na majibu hayajakubaliana. Istilahi haina haki ya kukata kesi ambayo sayansi bado inaisikiliza. Waitalia walisema mala aria, hewa mbaya. Mwaka 1897 Ronald Ross akamkuta mdudu wa malaria ndani ya mbu, na jina linaisingizia hewa hadi leo. Andikeni "unaohusishwa na hali ya hewa", basi.

Kwa matumizi: uziwi wa kushtukiza ni kusikia kushuka kwa desibeli 30 au zaidi, katika masafa matatu ya sauti yanayofuatana, ndani ya saa 72. Mgonjwa mwenyewe atasema tu "sikio limeziba", atapewa matone ya kulainisha nta, na siku zitapita, ilhali steroidi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya wiki mbili za mwanzo.

Najua kuna atakayedakia kwamba uziwi nao ni wa ukoo wa ziba, hivyo nampotosha mgonjwa yuleyule. Aandike makala yake.