Mlinzi na Mlaji wa Usiku: Historia ya Mwindaji wa Wanyonya Damu, kutoka Rungwe hadi Riwaya ya Mjini

Ikisiri

Mhusika anayewinda wanyonya damu kwa nguvu zisizo za kawaida huchukuliwa na wahakiki wengi kuwa mgeni katika sanaa ya masimulizi ya Afrika Mashariki. Makala hii inapinga mtazamo huo kwa kurejelea historia ya Wanyakyusa wa Rungwe, ambako mlaji wa usiku na mlinzi anayemkabili waliaminiwa kuwa na nguvu moja. Inadaiwa kwamba kilichowatenganisha wawili hao ni idhini ya jamii, na kwamba kutoweka kwa idhini hiyo katika kipindi cha ukoloni kunasaidia kueleza sura ambayo mnyonya damu aliipata katika uvumi wa mumiani na katika filamu za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Tangu miaka ya 1990, riwaya za fantasia zenye mandhari ya jiji la kisasa, wanyonya damu na mwanamke shujaa anayewasaka zimepata wasomaji wengi duniani. Mfano mashuhuri ni mfululizo wa mwandishi wa Marekani, Laurell K. Hamilton, ulioanza mwaka 1993. Shujaa wake, Anita Blake wa jiji la St. Louis, hufufua wafu kwa malipo na huua wanyonya damu kwa amri ya mahakama. Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. Kwanza, nguvu yake ni ya jamaa moja na nguvu ya wale anaowawinda, kwa kuwa yeye na wao wana mafungamano na kifo. Pili, bila ile amri ya mahakama, kazi yake ingekuwa mauaji tu.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuyaona mambo hayo kuwa ubunifu wa soko la vitabu la Marekani. Hata hivyo, yote mawili yalikwisha kuandikwa kuhusu Rungwe zaidi ya miaka arobaini kabla ya Anita Blake, tena kama maelezo ya namna watu walivyoyaelewa maisha yao ya kila siku.

2.0 Mlaji na Mlinzi katika Kijiji cha Marika

Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, wakisaidiwa kwa karibu na Leonard Mwaisumo. Matokeo makuu ya kazi hiyo yalichapishwa na Monica Wilson mwaka 1951 katika kitabu Good Company. Anwani hiyo inajaribu kufasiri neno la Kinyakyusa ukwangala, yaani raha na adabu ya kuwa pamoja. Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya marika: wavulana wa rika moja waliondoka kwa wazazi wao, wakajenga kijiji chao na kula pamoja. Jirani wa mtu, kwa hiyo, hakuwa ndugu yake wa damu, bali mtu aliyeshirikiana naye chakula.

Katika mpangilio huo, uovu mkubwa ulikuwa ulafi. Abalosi, yaani wachawi, walisemekana kuwa na chatu tumboni, nguvu ambayo mtu huirithi kwa mzazi. Usiku waliruka, wakawakaba watu usingizini, wakala nyama zao kwa ndani na kunyonya maziwa ya ng’ombe wa jirani. Katika makala nyingine ya mwaka 1951, Wilson aliwalinganisha Wanyakyusa na Wapondo wa Afrika Kusini. Alionyesha kwamba kwa Wapondo tamaa ya mchawi ilikuwa hasa ya mwili, ilhali kwa Wanyakyusa ilikuwa ya nyama na maziwa. Mlaji wa usiku, basi, ni kivuli cha mla pamoja wa mchana: anayekataa kugawana hadharani hujilia kwa siri.

Aliyemkabili ni mlinzi. Abamanga walikuwa watu wachache katika kila kijiji walioaminiwa kuwaona wachawi ndotoni na kupigana nao. Hapa ndipo penye kiini cha hoja ya makala hii: mlinzi naye alikuwa na chatu. Hakuwa mtu safi aliyepewa silaha kutoka nje. Macho yaliyomwezesha kumwona mlaji ndiyo macho ya mlaji. Tofauti yao ilikuwa katika matumizi, kwani mmoja alitumia nguvu hiyo kwa ajili ya tumbo lake na mwingine kwa ajili ya kijiji. Kijiji kizima pia kiliweza kumwadhibu mkosaji kwa embepo sya bandu, yaani pumzi ya watu, ambayo Wilson anaieleza kuwa ilitokana na asili hiyohiyo. Msomaji wa Kiswahili atatambua katika neno embepo undugu na pepo na upepo.

Mpaka kati ya ulinzi na uchawi ulikuwa, kwa hiyo, mwembamba, na ulihitaji kuthibitishwa mara kwa mara. Mgonjwa alipodhoofika, swali halikuwa tu nani aliyemwadhibu. Watu waliuliza pia kama adhabu hiyo ilikuwa ya haki. Jibu lilitegemea mazungumzo ya majirani, uaguzi na, kabla ya kupigwa marufuku, kiapo cha mwavi.

3.0 Mlinzi Aliyepoteza Idhini

Wamishenari wa Moravian na wa Berlin walifika katika eneo hili mwaka 1891. Utawala wa Kijerumani ukafuata, na Tukuyu ikajulikana kwa jina la Neu-Langenburg hadi Waingereza walipoitwaa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1928 serikali ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi. Sheria hiyo ilimtia hatiani anayedai kuwa na uwezo wa uchawi, na pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi.

Nia ya kuwalinda wanaosingiziwa haikuwa ndogo, wala haifai kubezwa: mwavi uliua watu. Hata hivyo, sheria haikutambua tofauti ambayo kwa Wanyakyusa ilikuwa msingi wa mambo yote. Mbele ya hakimu, mtu aliyekiri kuwaona wachawi ndotoni alikuwa amekiri kuwa na uwezo uleule, na akimtaja aliyemwona alikuwa ameongeza kosa la pili. Imani katika mlaji haikufutika, kama kazi ya akina Wilson ya miaka ya 1930 inavyoonyesha. Kilichoondolewa ni hadhi ya kisheria ya mlinzi.

4.0 Mumiani: Mnyonya Damu Asiye na Mwindaji

Katika kipindi hichohicho, vijana wa Rungwe walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Huko migodini ulikuwapo uvumi wa banyama, jamaa wa karibu wa wazimamoto wa Nairobi na Kampala na wa mumiani wa pwani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi mfano wa utomvu, iliyosemekana kutoka Uajemi, huku ikitaja imani ya wengi kwamba ni damu ya binadamu iliyogandishwa.

Luise White, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2000, anayasoma masimulizi hayo kama ushahidi wa namna Waafrika walivyouelewa ukoloni. Mnyonya damu wa masimulizi hayo ni mwajiriwa: ana sare, gari, mshahara na bwana wa kumtuma. Ukimweka kando ya undosi wa Rungwe, tofauti inajitokeza. Undosi ni jirani mwenye njaa. Mumiani ni mgeni aliye kazini. Undosi ana mlinzi wa kumkabili, lakini katika uvumi wa mumiani mtu hukimbia tu, au huponea chupuchupu. Jambo hilo lina mantiki yake. Ikiwa mnyonya damu analindwa na serikali, hakuna mahakama ya kumpa mwindaji wake idhini.

Pengo hilo lina gharama. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, mbali na mpaka wa Songwe ambao Wanyakyusa hupakana nao, makundi ya watu yaliwaua washukiwa wa unyonyaji damu, na Umoja wa Mataifa ukawahamisha watumishi wake kutoka Mulanje na Phalombe. Mwindaji asiye na idhini alikuwa sasa umati.

5.0 Kutoka Abasyuka hadi Nsyuka

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitengeneza jijini Dar es Salaam filamu ya video ya kutisha iitwayo Nsyuka. Jina hilo ni la Kinyakyusa. Abasyuka, katika maandishi ya Wilson, ni mizimu ya wazee, na mzizi wa neno unahusiana na kufufuka. Kitabu cha Wilson cha mwaka 1957 kinaeleza kwamba ibada za maziko zilikusudiwa kumtenga marehemu na miili na ndoto za wafiwa, kisha kumrudisha nyumbani akiwa mzee wa ukoo. Marehemu ambaye ibada zake hazikukamilishwa aliaminiwa kuwaletea wafiwa wazimu.

Jina lilipohamia kwenye skrini, hofu ilisafiri na ibada zikabaki nyuma. Mzimu unaostahili kurudishwa nyumbani ukawa kitisho. Filamu nyingine ya Banzi, Shumileta, ilimweka katikati ya kisa kiumbe wa kike mwenye nguvu za kijini. Mwanamke mwenye nguvu amekwisha kuingia katika masimulizi ya mjini ya Kiswahili, lakini ameingia kwa upande wa kiumbe anayeogopwa. Kwa upande wa wasakaji, riwaya pendwa ilikuwa imewatukuza wanaume: Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, ambao hutegemea akili na bastola.

6.0 Hitimisho

Anita Blake anafufua wafu. Kwa Kinyakyusa angesemwa kuwa anawashughulikia abasyuka. Ana nguvu ya jamaa na ile ya adui yake, na anahitaji kibali ili asiwe kama adui huyo. Sifa hizo mbili ndizo zilizowatambulisha abamanga. Ufanano huu si ushahidi wa uazimaji kwa upande wowote. Unaonyesha kwamba jamii mbili zilizotengana zilikabiliwa na tatizo moja: anayeweza kumwona mlaji gizani huenda naye ana njaa yake. Rungwe ililijibu tatizo hilo kwa sauti ya majirani, na riwaya ya Marekani imelijibu kwa karatasi ya mahakama. Mwandishi wa Kiswahili atakayemuumba mwindaji wa kike hatalazimika kumwagiza kutoka ng’ambo. Atalazimika, hata hivyo, kueleza ni nani aliyempa ruhusa ya kuwinda.