Gombani na Los Angeles: uwanja ni wa nani?

Tarehe 13 Januari 2025, Zanzibar Heroes waliichapa Burkina Faso mabao 2-1 katika Uwanja wa Gombani, Chake Chake, Pemba, wakatwaa Kombe la Mapinduzi. Watu wa Wete, Micheweni na Mkoani waliipata fainali kisiwani kwao, bila kupanda boti kwenda Unguja. Uwanja ule ni mali ya umma. Hakuna tajiri awezaye kuufunga akahama na timu.

Watu wa Brooklyn, New York, yaliwafika hayo. Timu yao ya besiboli, Dodgers, ilikuwa ya Walter O'Malley. Uwanja wake wa Ebbets Field, uliofunguliwa 1913, ulikuwa umechakaa. Alitaka ardhi palepale Brooklyn ajenge mwingine kwa fedha zake, lakini Robert Moses, aliyekuwa na kauli kubwa katika ujenzi wa jiji, akamkatalia na kumwonyesha eneo la Queens. Msimu wa 1957 ulipokwisha, O'Malley akaihamishia timu Los Angeles.

Huko akapewa bonde la Chavez Ravine. Hapo palikuwa na vitongoji vitatu, Palo Verde, La Loma na Bishop, makazi ya familia zenye asili ya Mexico. Mwaka 1950 jiji liliwaandikia barua wahame ili zijengwe nyumba za umma, na likawaahidi kwamba wao ndio watakaotangulia kupewa. Wengi wakauza wakaondoka. Mradi ukafutwa, ahadi ikafa nao.

Tuseme haki: barua zile hazikuwa za O'Malley, na alipofika bonde lilikuwa karibu tupu. Lakini waliobaki hawakutendewa utu. Mwezi Juni 1958 wapigakura wa jiji waliupitisha mkataba wa kumpa O'Malley ardhi hiyo kwa tofauti ndogo. Tarehe 8 Mei 1959 askari wakaingia. Mama mmoja alishikwa mikono na miguu, akabebwa hadi nje mbele ya kamera za televisheni, kisha buldoza likaibomoa nyumba. Dodger Stadium ulifunguliwa 10 Aprili 1962.

Kwetu pia wapo wenye timu wanaojenga. Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, ndiye mwenye Azam FC, bingwa wa Tanzania Bara msimu wa 2013/14, na klabu hiyo ina uwanja wake Chamazi, Dar es Salaam. Simba na Yanga nazo zimewahi kuutumia. Ni jambo jema, na Pemba ingefaidika nalo.

Ila siku mwekezaji atakapokuja Gombani, au Serikali itakapotaka kuupanua uwanja, wakaazi wa jirani waulizwe kabla ramani haijachorwa. Walipwe fidia kabla mashine haijawashwa, na kila ahadi iandikwe, isainiwe, nao wabaki na nakala mkononi.