Nani Amlipie Rubani? Kutoka Soroti Hadi Mfukoni mwa Mzazi

Mapema mwaka 2027 itatimia nusu karne tangu Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lifungwe. Bila shaka tutasikia tena simulizi tulizozizoea: Nyerere na Amin wasioonana uso kwa uso, Nairobi ikilalamika kwamba wenzake hawaleti fedha, mpaka wa Namanga ukifungwa. Kuna urithi mmoja wa shirika lile ambao hautajwi sana, nao ni swali la nani alipe gharama ya kumfanya kijana awe rubani wa ndege kubwa. Enzi zile jibu lilijulikana. Siku hizi mzazi ndiye anayeuza kiwanja.

Kwa msomaji asiye wa fani: leseni ya urubani wa biashara peke yake haimruhusu mtu kuendesha Boeing 737. Kila aina ya ndege kubwa ina kibali chake, ambacho marubani wanakiita retingi. Rubani hukaa darasani wiki kadhaa akisoma mifumo ya ndege hiyo moja, kisha huingia kwenye simuleta, mashine inayoigiza urukaji wa ndege, ambako mkufunzi humzimia injini wakati wa kupaa na kumwashia moto wa bandia, mpaka mtahini aridhike. Retingi ya 737 au ya Airbus A320 kwa kawaida huuzwa kati ya dola 20,000 na 30,000 za Marekani. Mwenye ya 737 akihamia A320 anaanza upya. Na asipoirusha ndege yenyewe, kibali hupitwa na muda na saa za simuleta hulipiwa tena.

Shirika la Afrika Mashariki lilianza 1946 chini ya serikali za kikoloni, na kwa miaka mingi usukani ulikuwa wa Wazungu. Uhuru ulipokuja, kupata marubani Waafrika likawa jambo la heshima ya taifa, na mambo ya heshima ya taifa hayalipiwi na mtu binafsi. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafungua chuo cha usafiri wa anga huko Soroti, mashariki mwa Uganda, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na ICAO, chombo cha usafiri wa anga kilichozaliwa na Mkataba wa Chicago wa 1944. Kijana wa Kitanzania, Mkenya na Mganda wangeweza kujifunza kuruka kwenye uwanja mmoja, na mafundi wa ndege pia. Rubani alihesabiwa kuwa mali ya umma, kama daktari wa wilaya.

Ndege iliyokuwa ndoto ya kila mwanafunzi ilikuwa Super VC10. Shirika lilinunua tano kutoka Uingereza, kuanzia 1966. Ile ya mwisho, iliyokabidhiwa Februari 1970, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani. Injini zote nne zilikaa mkiani, na ilipanda vizuri kwenye joto na mwinuko wa Nairobi, jambo lililozishinda ndege nyingi za wakati ule. Moja iliangamia Addis Ababa Aprili 1972 ikijaribu kupaa, na watu 43 wakafa. Zilibaki nne.

Kisha ukaja 1977. Shirika lilipozimwa, Kenya Airways ilianza safari za mbali kwa Boeing 707 za kukodi kutoka Uingereza, Air Tanzania ikaundwa mwezi Machi, na Uganda Airlines, iliyoundwa mwaka uliotangulia, nayo ikaanza kuruka. VC10 hazikubaki na yeyote. Zote nne zilirudi Uingereza, zikanunuliwa na jeshi la anga la nchi hiyo na kugeuzwa kuwa matangi ya kuongezea ndege za kivita mafuta angani. Zilifanya kazi hiyo kwa karibu miongo mitatu. VC10 ya mwisho ya jeshi kuruka, Septemba 2013, ilikuwa mojawapo ya hizo zetu. Huku nyumbani, aliyekuwa na retingi ya VC10 alibaki na karatasi. Bahati yake ni kwamba hakuwa ameilipia mwenyewe.

Bahati hiyo ilikuja kwisha kwingine kwanza. Kesi iliyoliweka jambo hili mahakamani ilitokea Ireland, na nimezisoma hukumu zake kwa mshangao. Novemba 2004, shirika la Ryanair liliwaandikia marubani wake wa Dublin kwamba ndege kuukuu za 737-200 zinaondoka, na wanaotaka kubaki wajifunze 737-800. Mafunzo yangegharimu yuro 15,000 kwa kila mmoja. Kampuni ilikuwa tayari kuyalipia, ila rubani angezirudisha fedha hizo akiacha kazi kabla ya miaka mitano. Mpaka hapo ni bondi ya kawaida, na mwajiri ana haki ya kulinda fedha zake. Lakini kulikuwa na sharti la pili: fedha hizo zingedaiwa pia endapo, ndani ya miaka hiyo mitano, kampuni ingelazimishwa kujadiliana na chama chochote cha marubani.

Yaani rubani angeweza kukaa kazini, kuruka bila kosa, na bado akadaiwa kwa sababu wenzake wamedai meza ya mazungumzo. Marubani walikwenda kwenye mahakama ya kazi kupitia chama chao. Wengine walifungua ukumbi wa siri mtandaoni wa kuwasiliana kwa majina ya bandia, likiwemo moja lililosema wazi kwamba mwenye jina anaichukia Ryanair. Kampuni ikaenda Mahakama Kuu kudai majina halisi, ikidai inawalinda marubani wanaoonewa na wenzao. Julai 2006 Jaji Smyth aliikatalia. Hakuona uonevu wowote kwa marubani wale, na lile sharti la pili akaliita la ukandamizaji. Raha ya ushindi haikudumu: Februari 2007 Mahakama ya Juu iliipa Ryanair ushindi dhidi ya mahakama ya kazi, kwa hoja za jinsi shauri lilivyosikilizwa. Kampuni hiyo haikukubali kuvitambua vyama vya marubani mpaka Desemba 2017, miezi michache baada ya upungufu wa marubani kuifanya ifute maelfu ya safari.

Wakati huohuo desturi ya rubani kujilipia retingi kabla hata ya kuajiriwa ilikuwa imeenea Ulaya, na ubishi ukahamia baina ya marubani wenyewe. Wakongwe husema anayelipa ili apate kiti ananunua kazi na kuwashushia wote mshahara. Vijana hujibu kwamba wana saa 250 za kuruka, mikopo ya chuo, na kila tangazo la kazi linataka mwenye retingi. Binafsi nawaelewa vijana. Siwaelewi waajiri.

Kwetu mambo yalibadilika bila barua wala kesi. Kenya Airways ilibinafsishwa 1996, KLM ikachukua asilimia 26. Soroti ilibaki mikononi mwa Uganda, ikapitia vita vya Teso, ikadhoofika. Mkataba mpya wa Jumuiya uliosainiwa Arusha Novemba 1999 unakitaja chuo hicho kwa jina miongoni mwa taasisi zilizosalia za Jumuiya ya zamani, na kukitaja huko hakukukirudishia hadhi yake. Familia zenye uwezo ziligeukia vyuo binafsi vya Uwanja wa Wilson, Nairobi, na vya Afrika Kusini.

Baada ya hapo hadithi ni fupi. Mwaka 2016, ikiwa taabani kwa hasara, Kenya Airways iliwakodishia Turkish Airlines ndege zake za 777-300ER, na wenye retingi ya 777 wakabaki bila ndege nyumbani. Juni 2022 Comair ya Afrika Kusini, iliyokuwa ikiziunganisha Johannesburg, Cape Town na Durban, ilifilisiwa. Ilikuwa ikirusha 737 tu, kwa hiyo marubani wake wakaingia sokoni kwa pamoja na retingi ileile. Novemba mwaka huo marubani wa Kenya Airways waligoma, na mitandaoni wakaitwa walafi na watu wasiojua retingi ni kitu gani.

Tanzania ina mkosi wake. Tangu 2016 serikali imeinunulia Air Tanzania (ATCL) Dash 8-Q400, Airbus A220, Boeing 787, 767 ya mizigo na 737 MAX. Ni shirika dogo lenye aina tano za ndege, na kila aina ni retingi yake, wakufunzi wake na simuleta yake nje ya nchi. Kila rubani anayehamishwa kutoka aina moja kwenda nyingine ni bili ya dola, na bili hiyo ni lazima imwangukie mtu. Ethiopian wameelewa hesabu hii siku nyingi: wana chuo chao na simuleta zao Addis Ababa, wanawasomesha marubani wao, na majirani tunapanga foleni kununua muda uliobaki.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji jijini Dar es Salaam kimeanza kununua ndege ndogo za mafunzo kwa fedha za Benki ya Dunia, na hilo ni jema. Lakini ndege ndogo hutoa leseni tu. Wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki wana CASSOA, wakala wa usalama wa anga ulioko Entebbe, na wana mkataba unaoitaja Soroti. Waanze na mambo mawili: simuleta moja ya pamoja kwa aina ya ndege inayotumiwa zaidi na mashirika yetu, na kanuni moja ya bondi kwa nchi zote wanachama, yenye miaka na kiasi kinachojulikana kabla kijana hajatia sahihi, na isiyogusa haki yake ya kujiunga na chama.