Waziri Aliyejiuzulu kwa Makosa ya Askari Wake

Hapa kambini kila mtu anaijua Wizara ya Mambo ya Ndani. Ndiyo inayosimamia wakimbizi Tanzania nzima, na ukitaka kibali cha kutoka unapita kwao. Wachache wanajua kwamba zamani waziri wa wizara hiyohiyo alifanya jambo ambalo viongozi wengi, wakubwa kwa wadogo, wanaliogopa.

Mwaka 1976, huko Mwanza na Shinyanga, vikongwe walikuwa wakiuawa kwa kushukiwa uchawi. Serikali ikaanzisha msako wa kuwakamata wauaji. Nia ilikuwa kulinda watu. Lakini waliokamatwa wakateswa mahabusu, na baadhi yao wakafia humohumo, mikononi mwa polisi na maofisa wa usalama.

Waziri wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu, wala hakuwepo. Angeweza kusema: mimi sikujua, waulizeni walioko Mwanza. Hakusema hivyo. Mwaka 1977 akajiuzulu, kwa kuwa waliotenda yale walikuwa chini ya wizara yake. Baadhi ya maofisa wakafikishwa mahakamani.

Tusidanganyane, jamani. Kujiuzulu kwake hakukumfufua mtu. Familia zilibaki na misiba yao. Ila wananchi waliona kwamba kumbe cheo kina deni, na mkubwa naye anaweza kulilipa.

Mwinyi akapelekwa Misri kuwa balozi. Hakuna aliyemwahidi kwamba atarudi juu. Lakini mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985, Mwalimu Nyerere alipong'atuka, Mwinyi ndiye aliyekabidhiwa nchi. Alipofariki Februari 2024, habari ya kujiuzulu kwake ilisimuliwa upya, hata na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa.

Sasa tuje kwetu. Tuna viongozi wa zoni, kamati za chakula, za maji, za ulinzi. Jina la mama fulani likikosekana kwenye orodha ya mgao, kiongozi anasema ni shirika. Shirika linasema ni mfumo. Mfumo hauna mdomo. Mama anarudi nyumbani na gunia tupu, na hajui amlilie nani.

Ni kweli, mengine yanatoka mbali na hatuna uwezo nayo. Mgao ukipunguzwa kwa kukosa wafadhili, kiongozi wa zoni afanyeje? Lakini jina lililorukwa na mkono wangu ni langu. Nikisema mbele ya mkutano, "Mama, nilikosea mimi, kesho tunakwenda wote kurekebisha," pengine watanicheka, pengine wataniondoa. Sawa. Angalau mama atajua wapi pa kuanzia.

Ndugu zetu wa mashirika, na ninyi hamjaachwa nje. Mkituambia waziwazi "hapa tulikosea," hatutawadharau. Tumeshaongozwa na watu wasiokosea kamwe. Wengi wetu ndio tuliowakimbia.