Herufi na umbo lake

Mtoto wa madrasa mjini Rumonge, Burundi, hufundishwa mapema kwamba ba huandikwa kwa namna nne: ikiwa peke yake, mwanzoni mwa neno, katikati na mwishoni. Hakuna ustadhi anayeziita herufi nne. Ni ba ileile, inajipinda kwa ajili ya majirani zake. Mafundi wa kompyuta wameipa namna hiyo ya kuchorwa jina la "glifu", nami naona Kiswahili kina neno tayari: umbo la herufi. "Sura" ingefaa pia, ila mwanafunzi wa Kurani angeuliza, sura gani?

Kiwango cha Unicode huipa ba namba moja, 0628, na programu ya simu ndiyo huchagua umbo. Kwenye herufi za Kilatini mpaka kati ya herufi na umbo lake ulifanywa mwembamba mwaka 2001, toleo 3.1 lilipoongeza alama 991 za hisabati, zikiwemo M nene na M ya mlazo, maana katika hisabati unene wa herufi hubeba maana. Siku hizi alama hizo ndizo watu hupambia majina na matangazo. Muuza samaki akiandika 𝐌𝐮𝐤𝐞𝐤𝐞, jicho linasoma mukeke, lakini kilichohifadhiwa ni alama sita za hisabati: anayetafuta "mukeke" huenda asimpate, na programu inayomsomea kipofu huweza kuziruka au kuzitaja mojamoja.

Watakaosema "glifu" ni fupi na inaeleweka duniani wana haki. Ila haimwelezi kitu asiyeijua, na umbo la herufi linajieleza. Wanaotaka urembo nao wasikatazwe: wabadilishe fonti, ambayo hugusa umbo na kuiacha herufi salama. Pingamizi zito ni la Kifaransa: je, vialama vya juu si mapambo tu? Kirundi cha kila siku hakiandiki alama za toni na watu wanaelewana. Lakini kwa Kifaransa pêche ni uvuvi, péché ni dhambi. Vialama hivyo ni sehemu ya herufi, na pwani ya wavuvi haifai kuvichanganya. Hata SMS inavitofautisha: é imo katika alfabeti yake ya kawaida, inayoupa ujumbe nafasi 160, ê haimo, na simu isipoigeuza kuwa e, ê moja tu huushusha ujumbe hadi nafasi 70.