Chevrolet Vega
Chevrolet Vega ni gari dogo la kampuni ya General Motors ya Marekani, lililoingia sokoni Septemba 1970 kushindana na magari madogo ya Ujerumani na Japani, likaundwa hadi 1977. Bloki ya injini yake ilikuwa ya aluminiamu, bila silinda za chuma ndani. Gari lilipochemsha, bloki ilipinda na injini ikaanza kula oili. Madigadi ya mbele nayo yaliliwa na kutu mapema mno. Kwa kasoro hizo, wapo wanaowalaumu wafanyakazi wa kiwanda kilicholiunda cha Lordstown, Ohio, waliogoma mwaka 1972. Lawama hiyo si ya haki: mgomo haukuchagua metali ya bloki. Kampuni yenyewe iliirekebisha injini kwa matoleo ya 1976, ikaongeza dhamana yake hadi miaka 5, wakati wanunuzi wengi walikwisha kuingia gharama.