Kuunganisha Mitaala ya Lugha Nyumbani

Mzazi anayemfunza mtoto nyumbani kwa kuunganisha mtaala wa Kiswahili na ule wa Kiingereza hana budi kuzingatia tofauti ya tahajia. Kiswahili kina irabu 5, na kila moja huwakilisha sauti ile ile daima. Aliyemudu ba, be, bi, bo, bu husoma maneno mapya upesi. Katika Kiingereza, herufi 'a' hubadilika sauti katika 'cat', 'cake' na 'car'. Zikifunzwa kwa pamoja, huenda mtoto akachanganyikiwa. Yafaa silabi za Kiswahili zitangulie, huku Kiingereza kikikuzwa kwa hadithi na mazungumzo kabla ya kusomwa. Mazoezi ya mwandiko yasirudiwe, kwani herufi zinazoandikwa karibu zote ni zile zile.